Mashine ya Kufulia Ikihamia Banda la Gari, Maji Yake Yataenda Wapi?

Tangu Mei 2018, Rais John Magufuli alipozindua daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero, mizigo inayopita Kivukoni haisubiri tena pantoni. Zamani mtu wa Lupiro au Mahenge aliyenunua kitu kizito Ifakara alikuwa na hesabu ya pili baada ya bei: kitavukaje? Leo friji, makochi, mageti ya chuma na mashine za kufulia vinapita juu ya mto vikiwa vimefungwa kamba kwenye Noah na Fuso, na mchana huohuo vimeshushwa mlangoni.

Katika vyote hivyo, mashine ya kufulia ndiyo inayobadilisha nyumba zaidi ya mwenyewe anavyotarajia. Friji linataka soketi tu. Mashine ya kufulia inataka umeme, inataka maji yenye nguvu, na inataka njia ya kuyatoa maji hayo yakishachafuka.

Nyumba nyingi za bondeni hazikujengwa zikiingojea. Ramani ilikuwa na sebule, vyumba vitatu, jiko, choo na bafu la ndani, na pengine banda la gari ubavuni. Kufua kulifanyika uani, kwenye karo la saruji au kwa mabeseni kivulini. Kwa hiyo mashine ikifika huwekwa pale penye bomba, yaani bafuni au koridoni karibu na mlango wa bafu. Baada ya miezi michache wenye nyumba wanachoka. Bafu limebana, waya wa umeme unapita penye maji, mashine ikianza kukamua usiku mtoto anaamka, na ukuta umeota ukungu. Hapo macho yanageukia banda la gari. Lina sakafu ya zege na paa, nusu yake imejaa magunia ya mpunga na pikipiki, na gari lenyewe mara nyingi halipo. Fundi anapigiwa simu Ijumaa, na Jumapili jioni mashine inazunguka mahali papya.

Wazo lenyewe ni zuri na ninaliunga mkono. Ninachopinga ni mpangilio wa kazi. Watu huhamisha mashine, kisha wakaivutia maji safi, na mwisho kabisa, jua linapozama na fundi anakusanya vifaa vyake, ndipo wanaulizana mpira wa maji machafu uelekezwe wapi. Jibu la dakika hiyo ni lilelile karibu kila nyumba: "Mama, tuutoe tu nyuma ya ukuta, ardhi itanyonya." Katika bonde hili ardhi hainyonyi kwa amri ya fundi. Maji machafu ndiyo yanayopaswa kupangwa kwanza, maji safi yafuate, na mashine iwe kitu cha mwisho kusogezwa.

Bonde la Kilombero ni tambarare ya mafuriko. Mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na ukubwa wa karibu hekta 797,000. Kaskazini-magharibi ipo safu ya Udzungwa, upande wa pili milima ya Mahenge, na mvua ya miteremko yote hiyo hushukia hapa katikati. Mto Kilombero ndio unaochangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Kwa mkulima wa mpunga hiyo ni neema. Kwa mtu anayechimba shimo la majitaka, maana yake ni kwamba maji ya ardhini hayako mbali na miguu yake, na kuanzia Machi hadi Mei yanapanda kumfuata.

Tufanye hesabu ndogo, maana ndiyo inayoamua kila kitu. Mashine ya mlango wa mbele yenye uwezo wa kilo saba hutumia takriban lita 50 kwa mzunguko mmoja. Zile za mlango wa juu, hasa za zamani, hula mara mbili ya hizo au zaidi. Chukua hiyo nafuu. Familia yenye watoto wa shule ikifua mizunguko mitatu Jumamosi, imetoa lita 150 za maji ya sabuni. Fundi amechimba shimo la mita moja kila upande na kulijaza mawe. Mawe hayo yanakula nafasi; kinachobaki cha kushika maji ni kama theluthi moja ya shimo, yaani lita 300 na kidogo. Kwa macho linatosha mara mbili.

Lakini shimo la aina hii halihifadhi maji, linayapitisha, na kinachoyapitisha ni kuta zake. Makadirio wanayotumia wahandisi wa usafi wa mazingira ni kwamba mita moja ya mraba ya udongo wa kichanga hunywa lita 50 za majitaka kwa siku, na ya mfinyanzi hunywa lita 10 tu. Shimo letu lina kuta nne, mita nne za mraba. Kwenye mchanga, lita 150 zinakwisha siku hiyohiyo. Kwenye mfinyanzi mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi na kunata kwenye viatu masika, linanyonya lita 40 kwa siku, na maji ya Jumamosi yanaondoka Jumatano. Ukifua tena Jumanne kwa sababu ya sare za shule, shimo halikauki kamwe. Na maji ya ardhini yakishapanda hadi nusu ya shimo, nusu ya kuta imekufa, na nusu ya nafasi imeshajazwa na maji ambayo wewe hukuyamwaga. Mwezi wa Aprili linafurika, na kila anayepita nyuma ya ukuta anaona dimbwi la rangi ya majivu lenye povu pembeni.

Dimbwi hilo lina wapangaji. Ifakara inajulikana duniani kwa habari ya mbu kuliko miji mingi iliyo mikubwa kuizidi. Mwaka 1956 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, ambayo leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Katika miaka ya 1990 ni katika bonde hili ulipoendeshwa mradi wa KINET wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei ambayo mwananchi angeimudu. Vijiji vya Kivukoni, Minepa na Lupiro vimetajwa katika tafiti nyingi za malaria, na watu wake wamezoea kuona vijana wenye mitego ya mbu wakipita nyumba kwa nyumba. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni juu ya anofelesi, mbu wa malaria, hasa Anopheles funestus, anayependa maji ya kudumu yenye majani pembezoni.

Maji ya sabuni ni makazi ya mwingine, naye ni kuleksi. Huyu hutaga kwenye maji yaliyooza: mashimo ya vyoo, makaro, mifereji iliyoziba, na dimbwi la nyuma ya banda lako. Jike mmoja hutaga mayai mia moja hadi mia tatu kwa mkupuo, yakiwa yameshikamana na kuelea kama chelezo kidogo cheusi kisichozidi punje ya mchele. Kwa joto letu, siku saba hadi kumi zinatosha kutoka yai hadi mbu anayeruka. Sasa rudi kwenye hesabu ya shimo la mfinyanzi linalokutana na maji mapya kila baada ya siku tatu, uone limempa muda gani.

Kuleksi ndiye anayepiga kelele sikioni usiku, na pwani ya Afrika Mashariki ndiye msambazaji mkuu wa matende na mabusha. Ana madhara mengine pia. Mtu aliyelala ndani ya chandarua akaamka bado anasikia mbu wakivuma chumba kizima, huanza kusema chandarua hakina kazi. Miaka ya kazi ya kuwashawishi watu inaliwa na karo lisilofunikwa.

Wanzanzibari walikwisha kutuonyesha kwamba shimo la majitaka linaweza kudhibitiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, vyoo vya shimo na makaro yenye maji yalimwagiwa punje nyepesi za plastiki nyeupe, zile za kufungia vyombo vya umeme visivunjike. Zikaelea na kufunika uso wote wa maji, viluwiluwi wakakosa hewa, na majike wakakosa pa kutagia. Pamoja na dawa za matende walizopewa wakazi, mbu wa kuleksi walipungua sana na ugonjwa ukashuka. Hakuna mtambo wowote uliohitajika. Ilitosha mtu kukubali kwamba maji yaliyofichwa chini ya ardhi bado ni maji.

Kwa hiyo, kabla ya bomba lolote kununuliwa, chukua sururu. Chimba shimo la kipimo pale unapofikiria kumwaga maji, ufike mita moja na nusu, na ufanye hivyo mwisho wa masika, wakati maji yako juu kabisa. Kiangazi kitakudanganya. Ukikuta maji kabla ya kufika mita moja, acha habari ya shimo refu. Hata ukilijengea vizuri utakuwa umechimba kisima cha pili. Na kama wewe au jirani yako mnachota kisimani, iwe kwa ndoo au kwa pampu ya kamba kama zile zilizosambazwa hapa na shirika la MSABI, weka umbali wa mita 30 kati ya kisima na mahali majitaka yanapozama, na kitako cha shimo kiwe angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji. Kwenye viwanja vyetu vya Ifakara mjini, vilivyokatwa vidogo na kuzungushiwa ukuta, mita 30 mara nyingi hazipatikani bila kuzungumza na jirani. Basi mzungumzeni. Ni afadhali mazungumzo ya leo kuliko kumuuguza mtoto wake kesho.

Mahali pa maji ya juu, kinachofaa ni kwenda kwa urefu badala ya kwenda chini. Mtaro wa mita sita, wenye kina cha nusu mita na upana wa majembe mawili, ukijazwa kokoto na kufunikwa kwa karatasi ya nailoni kisha udongo, una kuta mbili ndefu zenye jumla ya mita sita za mraba. Hata kwenye mfinyanzi unakunywa lita 60 kwa siku, nusu tena zaidi ya lile shimo, na wote uko juu ya maji ya ardhini kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukiuinua kwenye tuta, unapata muda zaidi. Panda migomba pembeni yake. Mgomba ni mnywaji mkubwa wa maji, hausumbuliwi sana na sabuni ya kawaida, na wenyeji wa bonde hili hawahitaji kufundishwa kuutunza. Masharti ni mawili: maji yasionekane juu ya ardhi hata kidogo, na siku unayoloweka nguo kwa jiki, mpira uelekeze kwingine. Jiki inaua mimea na inaua pia vijidudu vyenye kazi ya kuozesha uchafu karoni.

Wengi huuliza kwa nini wasiunganishe tu kwenye karo la choo ambalo tayari lipo. Inawezekana, na mahali pengine ndiyo njia pekee. Tatizo ni jinsi mashine inavyotoa maji: inayasukuma kwa pampu, makumi ya lita kwa dakika chache. Mkupuo huo unavuruga tope lililotulia karoni na kulisukuma kwenye shimo la kunyonya, nalo likiziba halizibuki tena, linachimbwa jipya. Kama karo ni kubwa, sawa. Kama lilijengwa kwa choo kimoja cha watu wanne, liepushie mzigo huo.

Kuna adui mdogo ambaye mafundi wengi hawamtaji, naye ni nyuzi. Kila nguo inayofuliwa inaacha manyoya yake majini, taulo na blanketi zikiongoza. Yakifika kwenye kokoto yanajisuka kama zulia na mtaro unakufa kabla ya mwaka kwisha. Jenga chemba ndogo ya tofali, futi moja na nusu kila upande, kabla ya mtaro, utundike ndani yake ndoo iliyotobolewa na kuvishwa kipande cha wavu wa dirisha. Kila wiki mbili mtu anainua mfuniko, anatoa utandu wa kijivu ulioganda, anauzika. Mfuniko ukae vizuri usiache mwanya, maana mwanya wa kidole unamtosha mbu.

Kutoka kwenye mashine hadi chemba hiyo, bomba la plastiki la inchi mbili linatosha. Lipe mteremko wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Mita nane za bomba zinadai kushuka sentimita 20, na hapo ndipo mabanda mengi ya magari yanaposhindwa, kwa kuwa yamejengwa chini ya usawa wa nyumba ili gari liingie bila shida. Pima kwa mpira wa maji kabla hujamlipa fundi. Pale mpira wa mashine unapoingia, bomba lisimame wima, mdomo wake ukiwa kati ya sentimita 60 na mita moja kutoka pale mashine inaposimama. Ukiwa chini zaidi, maji hujivuta yenyewe yakatoka wakati mashine bado inajaza, nayo itajaza na kumwaga mpaka bili ikushangaze. Ukiwa juu zaidi, pampu inahangaika. Chini ya bomba hilo la wima weka kona ya umbo la U inayobakiza maji ndani. Maji hayo machache ndiyo mlango unaozuia harufu na wadudu wa chemba wasipande bandani. Wenye zile mashine za matenki mawili wawe waangalifu: nyingi hazina pampu, humwaga kwa kushuka tu, kwa hiyo tundu la kumwagia liwe chini kuliko kitako cha mashine, au mashine ipandishwe juu ya kitako cha zege.

Maji safi sasa. Banda la gari huwa mbele ya kiwanja, tenki huwa nyuma, na katikati kuna uwanja ambao gari hupita. Mashine za kujiendesha zenyewe huandikwa kwenye kitabu chake kiwango cha chini cha msukumo wa maji, mara nyingi kati ya baa 0.3 na 0.5. Kila mita moja ya kimo cha maji huzaa takriban baa 0.1. Mnara wa tenki wa mita tatu, ukitoa mita moja ya mahali mashine inapopokelea maji, unakuachia mita mbili, yaani baa 0.2 tenki linapokaribia kuisha. Mashine inaita maji, maji yanadondoka kwa uvivu, inasubiri, inachoka, inaandika herufi za kosa kwenye kioo chake. Mwenye nyumba anaita fundi wa mashine wakati ugonjwa uko kwenye mnara. Pandisha tenki, au weka pampu ndogo ya kusukuma, au kubali kwamba matenki mawili, unayoyajaza hata kwa ndoo, ndiyo yanayokufaa. Hakuna aibu ndani yake. Kwa nyumba ambayo maji ya bomba huja kwa zamu, mashine ya matenki mawili ni chaguo la busara kabisa.

Tumia bomba la milimita 25 kwa safari ya uani hata kama ndani umetumia 20, ulizike nusu mita chini, na lisipite kwenye mtaro mmoja na bomba la majitaka. Hili la mwisho nalikazia. Maji yanapokatika, bomba tupu hunyonya badala ya kusukuma, na likiwa na ufa mdogo huku limelala ndani ya udongo uliolowa majitaka, litanyonya hayo. Yakirudi, ndiyo mtakayoyakinga kwenye kikombe.

Ukifika kwenye mashine yenyewe, fungua mpira wa kuingizia maji. Ndani ya tundu lake kuna kichujio kidogo cha plastiki, kipana kama kifuniko cha soda. Kichomoe taratibu kwa koleo na ukitazame kwenye mwanga. Kama unatumia maji ya kisima, utakuta mchanga mwembamba na tope la rangi ya kutu. Kutu hiyo ni madini ya chuma yaliyo ardhini, nayo ndiyo yanayofanya mashati meupe yageuke rangi ya chai baada ya muhula mmoja. Kichujio kikubwa cha kufunga kwenye bomba kitazuia mchanga. Chuma kilichoyeyuka hakitakizuia. Kwa hicho, acha maji yatulie kwenye tenki usiku kucha, yapate hewa, tope lizame, ndipo uvute ya juu.

Kusogeza mashine kuna siri moja ambayo inatupwa siku ya kwanza pamoja na boksi. Mashine za mlango wa mbele huja na boliti ndefu nyuma, kwa kawaida nne, zinazoshikilia pipa lisicheze njiani. Huondolewa kabla ya kuanza kutumia, na hurudishwa kila mashine inaposafiri. Kutoka koridoni hadi bandani wanaweza kuibeba wanaume watatu ikiwa wima bila boliti. Kuipeleka Malinyi juu ya Fuso bila boliti ni kuivunja. Kabla ya kuinyanyua, fungua kimlango kidogo cha chini mbele, weka sahani, toa maji yaliyobaki kwenye pampu, na usishangae ukikuta shilingi mia mbili na vifungo vya shati.

Banda la gari lina masharti yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hulala sakafuni. Marekani, ambako kufulia kwenye banda la gari ni jambo la kawaida, kanuni za ujenzi zinataka vifaa vinavyoweza kutoa cheche viinuliwe inchi 18 kutoka chini. Sisi tunaweka dumu la petroli la pikipiki na la mashine ya kukobolea mpunga palepale pembeni. Dumu litoke, bila mjadala. Kitako cha zege cha nusu mita kinatatua mambo mengi kwa pamoja: petroli, mafuriko, na bampa la gari linalorudi nyuma. Umeme uwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, wa milimita 2.5 za mraba, kwa kuwa kipasha maji cha mashine hula kama wati 2,000, na ethi iwe ya kweli, yenye nondo iliyozama ardhini. Sakafu imelowa, miguu iko peku. Bila ethi mtu anakufa. Na magunia ya mpunga yahamishwe, maana penye mpunga pana panya, na panya hupenda mipira ya mashine.

Nyumba nyingi za Kivukoni bado zinafua kwa mabeseni, na wapo wanaokumbuka kufua mtoni, jicho moja kwenye nguo na jingine likiangalia mamba. Hesabu ya majitaka inawahusu hao pia. Mabeseni sita ya kufulia na kusuuza yanaweza kumwaga maji sawa na mzunguko wa mashine, na mtaro wa kokoto na migomba unayapokea vilevile. Anayejenga karo la kufulia leo kwa utaratibu huu atakuwa amekwisha kuiandalia mashine nafasi, siku itakapokuja.

Kitu kimoja kisiingie kwenye mashine hata ikiwa mpya na ya bei: chandarua. Vyandarua vyenye dawa ya kudumu vimetengenezwa kuhimili takriban miosho 20 ya mkono, kwa sabuni ya kawaida, na kuanikwa kivulini. Mashine inavichana na kuviondolea dawa. Na maji uliyooshea chandarua usiyamwage mtoni wala bwawani; dawa yake inaua samaki. Yamwage kwenye huo mtaro wako, mbali na kisima.

Ninaomba mambo mawili. Halmashauri ya Mji wa Ifakara na jirani zake wa Ulanga na Malinyi, wanapopitisha ramani za nyumba, wasiipitishe yoyote isiyoonyesha maji ya kufulia yanazama wapi, kama wanavyodai kuonyeshwa karo la choo. Na wewe unayetaka kuipeleka mashine bandani, usimwite fundi wiki hii. Ngoja Mei, chimba kwanza shimo la kipimo, ukae nalo siku mbili, uone maji yamesimama wapi. Kisha ndipo umpigie.